Mstari wa Mke wa Kwanza

Kazi yangu ni kutengeneza vijitabu vya mazishi. Nikisema hivyo watu hudhani ninatania, halafu wanakumbuka kwamba hata wao wana kimoja nyumbani, kimebanwa ndani ya Biblia au kimesahauliwa juu ya kabati, na picha ya shangazi kwenye jalada. Basi kuna mtu huvitengeneza, na hapa Kakamega mmoja wao ni mimi. Nina chumba nyuma ya maduka, si mbali na steji ya matatu, kompyuta mbili, mashine ya kuchapisha ambayo hugoma ikijisikia, na kiti kimoja cha plastiki cha kumkalisha aliyefiwa.

Asiyejua kazi hii hawezi kuelewa Alhamisi zangu. Huku kwetu watu hufa siku yoyote, lakini karibu wote huzikwa Jumamosi. Ndiyo siku walio Nairobi wanaweza kufika, na mhubiri ana nafasi, na aliyeajiriwa hahitaji kuomba ruhusa. Kwa hiyo Jumatatu ninapangusa vumbi, Jumanne wanaanza kuchungulia, na ikifika Alhamisi familia nne zimesimama mlangoni, kila moja na picha iliyofifia na karatasi ya mwandiko wa mkono, na zote zinataka kazi kesho. Mtu mmoja hawezi. Kukataa nako sikujua. Nilikuwa na fahari ya kijinga kwamba mfiwa akishakalia kiti changu hatatoka mikono mitupu. Ndivyo nilivyoanza kugawa kazi kwa wengine.

Nimefanya kazi na watu wa kila namna. Palikuwa na msichana aliyepiga chapa haraka kuliko mimi, ila simu yake ilizimwa kila Alhamisi adhuhuri na kuwashwa Jumapili baada ya ibada, akinisalimu kwa furaha kana kwamba tulikuwa tumeachana vizuri. Palikuwa na mwalimu mstaafu aliyesahihisha maneno ya wafiwa hadi wakashindwa kuyasoma mbele ya watu. Mwingine alichukua kijitabu cha wiki iliyotangulia, akabadilisha jina na picha tu, na familia ya mzee aliyegongwa na lori ikajikuta inawashukuru wauguzi waliomtunza miaka minane. Huyo nilimfokea hadi kinyozi wa mlango wa pili akaja kuona kuna nini. Visingizio vyao ninavijua kama jina langu: stima imepotea, mtoto ana homa, nilikuwa nimekaribia kukupigia. Mimi nilinung'unika kila wiki, na kila wiki niliwapigia tena.

Kitu kimoja tu sikumwachia mtu. Nakala ya kwanza ikitoka, niliiweka mezani, nikatia rula chini ya kila mstari, nikasoma kwa sauti kuanzia jalada hadi wimbo wa mwisho. Kijitabu cha mazishi si pambo. Siku yenyewe mwendesha ratiba hushika kipaza sauti mkono huu na kijitabu mkono ule, na kinachosomwa ndicho kinachotendeka. Wakati wa kutambulisha familia, mke wa kwanza huitwa pamoja na nyumba yake, wanasimama kando ya jeneza, watu wote wanawaona. Kisha anaitwa wa pili na nyumba yake. Asiyesomwa haitwi. Na asiyeitwa siku hiyo, akiulizwa baadaye yeye ni nani katika boma hilo, hana shahidi.

Niliyemwamini kuliko wote ni mwanamume niliyesoma naye katika chuo cha Sigalagala. Tangu chuoni mkono wake ulikuwa mwepesi na macho yake makali. Angeweza kuchukua picha iliyokunjwa ndani ya kitambulisho na kumrudisha marehemu akiwa na shati safi. Ulimi wake pia ulikuwa na mafuta. Ukimpigia kwa hasira, kabla hujamaliza kusalimu tayari unacheka. Alichelewa, ndiyo, alinipiga chenga mara mbili tatu, lakini kazi ilipofika ilikuwa nzuri, na mimi nikawa ninamsamehe kwa sababu ya uzuri huo.

Jumanne moja alikuja mkulima wa miwa kutoka upande wa Matungu, mtu wa makamo, mpole, amevaa koti zito la kazi ingawa jua lilikuwa kali. Baba yake alikuwa amefariki. Alileta karatasi mbili zilizoandikwa na ndugu zake wa baba mmoja. Nilizisoma haraka, nikaona hazina shida, nikamtumia mwenzangu wa Sigalagala saa hiyo hiyo, maana nilikuwa na kazi nyingine tatu. Mteja sikumwambia. Sikuwahi kumwambia mteja yeyote. Wote walidhani mikono ni yangu.

Alhamisi yule mkulima alirudi, na safari hii alikuwa na mama yake. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyetembea polepole, kitambaa cheupe kichwani. Nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki, nikampa chai, na mwanawe akaniambia mambo ambayo kwa kawaida mtu hamwambii mchapishaji.

Mama huyu ndiye aliyeolewa kwanza. Alipokuwa bado msichana na mtoto mmoja tu, waligombana na mumewe, akarudi kwao, na mtoto akabaki kwa baba kama ilivyo desturi. Mke wa pili aliingia, akamlea mtoto pamoja na watoto wake sita. Miaka ikapita, mingi mno. Kisha mzee akapigwa na kiharusi, upande mmoja ukafa, na siku moja akamtuma huyo mwana amfuate mama yake. Mama alikuja. Alijengewa nyumba ndogo ya mabati ng'ambo ya uwanja, na miaka mitatu alimgeuza mzee kitandani, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko. Mke wa pili alikuwa na mgongo mbovu na hakupinga. Lakini mzee alipokata roho, nyumba ya pili ilikaa ikaandika wasifu, na ndani yake mzee alikuwa na mke mmoja na watoto saba. Yule mkulima mwenyewe alikuwa ameandikwa kuwa kifungua mimba wa mwanamke ambaye hakumzaa. Jumanne alizileta zile karatasi kwangu bila kuzisoma, na aliporudi nyumbani ndipo akaambiwa yaliyomo.

Alikataa. Wazee wa ukoo wakaitwa, wakakaa Jumanne jioni na Jumatano kutwa, na mwisho wakakubaliana. Sasa alikuwa ameleta ukurasa wa daftari wenye sahihi za wazee, na mahali pengine alama ya kidole gumba kwa wino wa buluu. Ulisema kwamba marehemu alioa kwanza fulani binti fulani, wakajaliwa mwana mmoja, na baadaye akaoa wa pili, wakajaliwa sita.

"Hii mstari moja tumeikalia siku mbili," aliniambia. "Mengine yote yakiharibika, hii isiharibike."

Mama yake alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, ananitazama. Nilimwahidi, nikimwangalia yeye wala si mwanawe, kwamba hautaharibika. Waliondoka, nami nikaupiga picha ule ukurasa, nikamtumia mwenzangu kwa WhatsApp na maelezo marefu: atupe ya kwanza, afuate hii. Baada ya muda alinijibu kwa alama ya kidole gumba, na mimi nikakiamini kidole hicho.

Ijumaa maji yalinifika shingoni. Mashine iligoma asubuhi nzima, familia moja ilibadilisha picha mara tatu, na mwenzangu alipiga simu mchana akasema vijitabu vya Matungu viko tayari, ameona aniondolee usumbufu, amevituma moja kwa moja kwa gari la Mumias na bodaboda atavifikisha nyumbani. Nilimuuliza kama ameangalia. Akasema, "Iko sawa, sista." Nilijua nilipaswa kuona nakala. Rula ilikuwa pale mezani. Lakini nilihisi nafuu tu, ile nafuu ya mtu aliyetuliwa mzigo mmoja kati ya minne, na nikamshukuru.

Jumamosi asubuhi kinyozi aliniletea bahasha iliyoachwa kwake, nakala moja ya kumbukumbu ambayo huwa ninawaomba wote ninaowapa kazi. Niliifungua nimesimama. Ilikuwa imepangwa kwa ustadi, mzee anatabasamu jaladani. Ukurasa wa tatu ulisema alikuwa na mke mmoja na watoto saba.

Sijui nilikaa chini saa ngapi. Nilipiga simu ya mkulima, ikaita bila kupokelewa. Nilipiga ya mwenzangu, nikaambiwa na ile sauti ya mwanamke kwamba mteja hapatikani. Ndipo nikachapa vikaratasi vyenye mstari ule sahihi, ukubwa wa kuingia ndani ya kijitabu, nikavikata kwa mkono, nikavitia mkobani na kuondoka. Njia nzima nilijifariji kwamba mambo ya maziko huchelewa. Nitafika, nitagawa, itakwisha.

Nilifika wakati kwaya inaimba. Mahema mawili, viti vimejaa, na kila mtu ana kijitabu mkononi, wengine wanajipepea nacho. Yule mkulima nilimkuta nyuma ya jiko, peke yake. Alikuwa ameshaona. Hakunigombeza, na hilo lilinitesa zaidi. Nilimwonyesha vikaratasi, akanipeleka kwa mzee wa ukoo aliyeongoza kikao, na mzee akaviangalia, akavirudisha. Alisema kweli walikubaliana. Lakini nyumba ya pili tayari ilikuwa imeambiana kwamba kilichochapishwa ndicho, kwamba labda upande wa kwanza wenyewe ulibadilisha mawazo, na tukianza kugawa vikaratasi kutakuwa na kelele. Mbele ya maiti hatugombani, alisema. Tutaongea baadaye. Mwana wa mke wa pili alikuwa amesimama karibu, akakubali kwa kichwa, kwa heshima kabisa.

Mkulima alikubali pia. Kisha akaniomba jambo moja: mama yake hajui kusoma, hajaambiwa, niende nikae naye nimweleze polepole ili asishtuke mbele ya watu. Yeye hawezi, alisema, atalia. Ilikuwa haki kabisa niombwe mimi.

Mama alikuwa hema la pili, safu ya tatu, amefunga leso nyeusi kiunoni. Alinitambua. Alinisogezea kiti, akanishika mkono, akasema nimefanya vizuri kuja kutoka mbali hivyo. Nilifungua mdomo nimwambie. Kabla sijapata neno la kwanza alinipa kijitabu chake.

"Nionyeshe pahali niko, mwana wanje." Mwanangu, aliniita, kwa lugha ya nyumbani.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Nimejiambia ni huruma, nimejiambia ni watu waliokuwa karibu. Ni woga. Niliona uso wake na sikutaka kuwa mimi wa kuuharibu, ingawa nilikuwa nimeshauharibu. Nilifungua ukurasa wa tatu, nikaweka kidole kwenye mstari wa juu.

"Ni hapa?"

"Ndiyo mama. Ni hapa."

Aliweka kidole chake palepale nilipotoa changu. Akafunga kijitabu juu ya kidole ili pasipotee, akakaa hivyo, mgongo wima, anasubiri. Nilijipa moyo kwamba nitamwambia wimbo ukiisha. Wimbo uliisha, mhubiri akasimama, kisha chifu, kisha majirani, na mimi bado ninapanga maneno.

Mwendesha ratiba alisema sasa ni wakati wa kutambulisha familia, akamwita mjane wa marehemu pamoja na watoto wake wote saba. Mke wa pili aliinuka akisaidiwa. Watoto wakamfuata. Mkulima naye alisomwa jina lake kati yao, akatoka mbele, akasimama mwisho wa mstari akiangalia chini.

Mama aliinuka. Nilimshika leso, nikasema kitu, sijui nini, na yeye akanipigapiga mkono kunituliza kama anayesema ninakwenda na kurudi. Alitembea hadi mwisho wa hema. Binti mmoja wa kuhudumia wageni, utepe mweusi begani, alimzuia kwa upole akamuuliza anaitwa nani, maana jina lake halijasomwa. Mama hakubishana. Alifungua kijitabu, akamwonyesha palipokuwa na kidole chake.

Binti aliinama akasoma. "Hapa wameandika shule yenye alisomea, mama," alisema.

Mama aligeuka akanitafuta. Kulikuwa na watu wengi kati yetu lakini aliniona mara moja. "Lakini huyu ndiye amenionyesha," alisema, bila hasira yoyote, kama mtu anayesaidia kueleza.

Mkulima alitoka kwenye mstari. Alipita mbele ya jeneza la baba yake, akamshika mama yake mkono, wakarudi wakaketi safu ya nyuma kabisa, na yeye pia hakusimama pale alipopaswa kusimama. Mwendesha ratiba alikohoa akaendelea. Vikaratasi vyangu vilikuwa mkobani hadi nilipofika nyumbani, na nikavichoma.

Jumatatu mwenzangu alikuja akiwa na mkungu mdogo wa ndizi. Nilipomwambia yaliyotokea alikaa kwenye kiti cha plastiki, akashika kichwa. Kumbe Jumatano alikuwa amezidiwa, akampa kazi mwanafunzi mmoja karibu na geti la chuo kikuu. Yule aliichapa Alhamisi asubuhi, kabla ya ukurasa wangu kufika. Ukurasa ulipofika, mwenzangu alikusudia kuupeleka kwake na kulipia uchapaji wa pili, kisha akapigiwa simu nyingine, ikampita. Kidole gumba humtumia kila mtu, alisema, ni mazoea.

"Nilidhani ni kitu ndogo, sista. Mstari moja tu."

Nilitamani kumpiga na rula. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na alipoondoka nilimrushia ndizi zake nje, kinyozi akaziokota. Lakini hasira yangu haikuwa na pa kutua. Yeye aliipokea kazi niliyompa kwa sababu ya jina lake, akaipitisha kwa mtu nisiyemjua, bila kuniambia. Mimi nilikuwa nimeanza kufanya hivyo miaka mingi kabla yake. Yule mama alimtazama mtu mmoja machoni siku ile ya chai, na mtu huyo ni mimi.

Niliikwepa Matungu wiki mbili. Kisha nikakaa nikaandika kile kijitabu upya, mimi mwenyewe, herufi kwa herufi. Nikasoma na rula, nikachapisha nakala kumi, nikaenda. Sikujua ninazipeleka kufanyia nini. Maziko hayarudiwi.

Mkulima alikuwa shambani kwenye miwa. Mama alikuwa nje ya nyumba yake ndogo anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilipiga magoti nikaomba msamaha, nikasema yote, kuanzia mtu niliyempa kazi hadi kidole nilichoweka mahali pa uongo. Alinisikiliza akiendelea kuchambua. Nilipomaliza alisema niinuke, mavumbi yataniharibia nguo. Nikampa nakala. Safari hii hakuniuliza yuko wapi. Aliniuliza kama mimi ninajua mahali alipo, nikasema ninajua.

"Basi soma," alisema. "Si hapa. Enda simama huko katikati, usome na nguvu."

Uwanja ulikuwa kati ya nyumba yake na ile kubwa ya mke wa pili. Kaburi lilikuwa upande mmoja, udongo bado mwekundu, mashada yamekauka juu yake. Nilisimama hapo kwenye jua nikaanza kusoma wasifu wa mtu nisiyewahi kumwona akiwa hai: alikozaliwa, shule aliyosoma, miwa aliyolima. Nilijisikia mjinga, kisha nikasahau kujisikia chochote. Mlango wa nyumba kubwa ulikuwa wazi na mtu alikuwa anasonga obusuma, ugali wa kwetu, ndani. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Nilipofika kwenye mstari wake sauti ilinikatika, nikarudi nyuma nikauanza tena, jina lake, jina la baba yake, mwana wao. Mwiko ukanyamaza. Hakuna aliyetoka. Kisha mwiko ukaendelea.

Nilipoinua macho, mama hakuwa tena kwenye ungo wake. Alikuwa amefunga ile leso nyeusi, amekuja hadi kando ya kaburi, upande wa kichwani, amesimama mikono mbele kama wajane wanavyosimama wanapoitwa.

"Rudia," alisema. "Hawajasikia."

Nikarudia.